Nguo Sita za Kaskazi: Tathmini ya Karakana ya Ushonaji Kariakoo

Kaskazi ya Dar es Salaam haimpi mtu nafasi ya kusahau alichovaa. Kati ya Desemba na Machi joto la mchana hufika nyuzi 32 na kuzidi, na unyevu wa bahari huifanya blauzi igande mgongoni kabla mwenye kuivaa hajafika kituo cha basi. Kwa miaka kadhaa nilinunua nguo za msimu huo zikiwa zimeshonwa tayari, nikivutiwa na rangi na mshono, na kila ilipofika Februari nilijikuta nimerudi kwenye madera yangu mawili ya nyumbani, kwa kuwa nguo zote nzuri kabatini zilikuwa za poliesta. Kaskazi iliyopita niliamua kufuata njia nyingine. Nilipeleka kwa fundi vitambaa nilivyochagua mwenyewe, nikaagiza nguo sita za mitindo inayovaliwa sasa, na nikazivaa hadi mvua za masika zilipoanza ndipo nikaandika tathmini hii, inayohusu kazi ya fundi, vitambaa vyenyewe, na gauni moja ambalo ilibidi lifumuliwe.

Karakana hiyo iko ghorofa ya kwanza ya jumba la zamani Kariakoo, hatua chache kutoka Mtaa wa Uhuru, na haina kibao mlangoni; wateja huifikia kwa kuelekezwa na wateja wenzao, nami nilielekezwa na jirani. Ndani mna vyerehani vinne, mashine moja ya ovaloki ya kufungia kingo za kitambaa, meza ndefu ya kukatia, na madirisha mawili makubwa yanayoingiza mwanga wa kutosha kutofautisha uzi mweusi na wa buluu iliyokolea. Fundi mkuu ni mama wa makamo anayefanya kazi na wasichana wawili aliowafundisha mwenyewe. Nilipomwonyesha picha za mitindo kwenye simu, hakuanza na vipimo. Aliniuliza nguo ile nitaivaa saa ngapi, nasafiri kwa basi au kwa gari, na ofisini kwetu kuna kiyoyozi au feni. Kisha akachomoa nyuzi mbili, moja ya urefu na moja ya upana, katika kitambaa nilichouziwa kwa jina la kitani, akaziwasha kwa kiberiti juu ya kisahani. Uzi wa kwanza uliungua ukatoa harufu ya karatasi na kuacha majivu laini. Wa pili ulijikunja, ukayeyuka, ukabaki kidonge cheusi kigumu kama punje ya pilipili manga.

"Dada yangu," akaniambia, "nusu ya hiki ni plastiki. Ukitaka nitakishona, lakini jua likikuwakia usije ukanilaumu."

Nilirudi dukani siku hiyo hiyo, na tangu hapo sinunui kitambaa bila kuomba nyuzi mbili za pembeni.

Ununuzi wa vitambaa unastahili kuelezwa kwa urefu, kwa sababu ndio ulioamua mengi kuliko mshono wowote. Maduka ya Mtaa wa Uhuru yamejaa khanga na vitenge, na mitaa ya jirani huuza vitambaa vya mita, lakini neno "pamba" hutamkwa na muuzaji kwa wepesi mno. Kitenge cha pamba kilichopigwa chapa kwa nta huonyesha rangi karibu sawa pande zote mbili, ilhali vitenge vingi vya poliesta vilivyoenea sokoni vina upande mmoja uliokolea na mwingine uliofifia, tena huteleza vidoleni na kung'aa kidogo vikielekezwa kwenye mwanga. Upana nao unapaswa kuulizwa kabla ya bei. Kitenge na poplini nyingi za pamba huwa na upana wa sentimita 115 hivi, na kitani niliyoipata hatimaye ilikuwa na sentimita 150, kwa hiyo mita tatu za hiki si sawa na mita tatu za kile. Nililipa shilingi 22,000 kwa mita ya kitani, bei iliyoniuma, na nikachukua mita tatu na nusu kwa ajili ya shati na suruali. Fundi alisisitiza kwamba vitambaa vyote vya pamba na kitani vifuliwe, vianikwe na kupigwa pasi kabla ya kumfikia, ili dondo la kiwandani litoke na kitambaa kirudi kikiwa bado hakijakatwa. Nilimtii, nikapima. Khanga yangu ilipungua sentimita tano katika urefu wa mita moja na nusu. Kama ingeshonwa ikiwa mpya, shati lingenibana mabegani baada ya kufuliwa mara ya kwanza.

Seti ya kitani ndiyo nguo niliyoivaa kuliko zote, nayo ndiyo iliyonionyesha tofauti ya fundi huyu na wengine niliowahi kuwapelekea kazi. Mtindo wa shati pana lenye mikono mifupi pamoja na suruali ya miguu mipana ya kitambaa hicho hicho umeenea sana miaka hii, na kwa mji wenye joto la mvuke ni bahati njema, kwa kuwa nafasi kati ya mwili na nguo ndiyo inayopitisha hewa. Lakini upana usio na mpango humfanya mtu aonekane ameazima nguo. Kabla hajaigusa kitani, fundi alikata shati la majaribio kwa marekani, ile pamba nyepesi isiyopaushwa wala kutiwa rangi, ambayo jina lake limebaki katika Kiswahili tangu wafanyabiashara wa Kimarekani, wengi wao wa Salem katika jimbo la Massachusetts, walipokuwa wakiishusha Unguja katika karne ya 19. Nilifurahi kuona kitambaa kilichowahi kutembea kwenye njia zote za misafara kikiwa bado kina kazi juu ya meza ya Kariakoo.

Nilipolivaa shati hilo la marekani, fundi aliniagiza ninyanyue mkono wa kulia kana kwamba nimeshika chuma cha juu ndani ya daladala. Ubavu wote wa shati ulipanda, na pindo la chini likafika kiunoni. Mimi nilidhani dawa ni kulishusha tundu la mkono ili kwapa lipate nafasi zaidi, akanieleza kwamba ni kinyume chake: tundu likishuka sana, mkono wa shati huungana na ubavu mahali pa chini, na mtu akinyanyua mkono huivuta nguo nzima. Akalichora upya kwa chaki, akalipandisha karibu sentimita tatu, kisha akaupanua mkono wenyewe kuelekea kwenye kiwiko ili hewa iingilie huko. Nilinyanyua mkono tena katika jaribio la pili, na shati likatulia mahali pake. Katika nguo iliyokamilika, mishono ya mabegani na ubavuni ilikunjwa mara mbili hadi kingo zote zikafichika, na shingo ikazungushiwa ndani utepe wa pamba uliokatwa mshazari badala ya ukingo mkavu wa ovaloki ambao huwasha ngozi yenye jasho. Kila mshono ulipigwa pasi kabla ya kuvukwa na mshono mwingine. Nilikaa nusu saa kwenye benchi nikimtazama msichana mdogo wa pale akifanya hivyo, kushona kidogo na kunyanyuka kwenda kwenye pasi, kushona na kunyanyuka, na sikumwona hata mara moja akiruka hatua.

Kitani hujikunja, na anayechukia mikunjo asiinunue. Mimi naona mikunjo hiyo inapendeza kwenye shati, ila kwenye suruali ilinisumbua sehemu ya nyuma ya magoti wiki za mwanzo, mpaka kitambaa kilipolainika kwa kufuliwa.

Gauni la marinda ya ngazi tatu lilikuwa agizo la pili. Huo ni mtindo ambao wanawake wa pwani wanaujua tangu zamani, na sasa umerudi kwa urefu wa kufika vifundoni na mikono iliyovimba kidogo begani. Hesabu yake ni rahisi, lakini hula kitambaa bila huruma: kila ngazi huwa pana mara moja na nusu ya ile iliyo juu yake, hivyo ngazi ya kwanza ikiwa na mzunguko wa sentimita 110, ya pili inahitaji 165 na ya tatu karibu 250. Nilikuwa nimepeleka mita nne za poplini ya pamba, zikapungua, nikarudi kununua ya tano. Mafundi wengi wakipungukiwa hupunguza marinda ya ngazi ya mwisho, na gauni likaning'inia kama foronya. Huyu alinipigia simu akasema kazi imesimama hadi kitambaa kifike. Naomba wanaopanga kushona mtindo huu wanunue mita tano tangu mwanzo, na sita kama ni warefu. Poplini niliyochagua ilikuwa nzito kidogo kwa wingi huo wa marinda, na nikipata nafasi ya kulirudia nitatumia voili ya pamba, kitambaa chembamba na chepesi, yenye shimizi fupi ndani. Kosa hilo ni langu, kwa kuwa fundi alilitaja na mimi nikashikilia rangi niliyoipenda.

Kuhusu shati la khanga nina mengi ya kusema, kwa sababu hapo ndipo mtindo wa sasa na ujuzi wa zamani vilipokutana vizuri kuliko nilivyotarajia. Mashati ya mikono mifupi yaliyokatwa kwa khanga yanavaliwa na vijana wa kike na wa kiume, na mengi yaliyotundikwa madukani yamekatwa kana kwamba khanga ni kitambaa cha maua tu. Khanga ina mpangilio wake: pindo linaizunguka pande zote nne, mji uko katikati, na jina limekaa ndani ya kisanduku karibu na pindo la chini. Asiyejali hukata popote, jina likakatika katikati ya neno, pindo likatokea kwenye bega moja na kupotea kwenye lingine. Niliichagua doti yenye jina "Wema hauozi", nyekundu na nyeupe kwenye weusi, nikamwomba fundi aniambie anavyofikiri.

Alizitandaza khanga zote mbili mezani moja juu ya nyingine, akazilinganisha pindo kwa pindo, kisha akakaa kimya muda mrefu akiwa ameshika chaki bila kuandika. Hatimaye alikata ubavu wa kulia na wa kushoto wa mbele kutoka kwenye khanga mbili tofauti lakini mahali pale pale, hivi kwamba pindo la wima likashuka sawasawa pande zote mbili za vifungo, kama fremu ya mlango. Jina alilihifadhi zima na kuliweka mgongoni, chini kidogo ya mabega, likisomeka kwa mstari ulionyooka. Mikono ilitoka kwenye mji, mmoja kutoka kila khanga, na madoa mekundu ya begani yakalingana kwa kimo. Kwa kazi hiyo doti nzima ilitumika na kilichobaki hakikuzidi kitambaa cha kufungia kichwa, ambacho nacho alikipinda kingo akanipa bila kuniomba hela. Watu wananisimamisha njiani kunisoma mgongoni. Bibi mmoja ndani ya basi la mwendokasi aliniambia, "Mwanangu, huyo aliyekushonea anaijua khanga," na mimi sina sifa ya kuongeza juu ya hiyo.

Sketi ya kitenge iliyokatwa mshazari ilitoka vizuri na haina hadithi ndefu. Ilitundikwa siku mbili kabla ya kupindwa ili kitambaa kivutike chenyewe, kama inavyopaswa, na pindo lake bado liko sawa. Bubu la rayoni, lile vazi pana la Afrika Magharibi ambalo limeshazoeleka kwenye shughuli zetu, lilishonwa kwa siku moja na linafaa jioni; rayoni hupoa mwilini na huanguka kwa uzuri, lakini hudhoofika ikilowa, kwa hiyo mfuko ambao niliomba uwekwe ubavuni ulianza kuchanika kwenye kona baada ya kufuliwa mara nne. Ungewekewa kipande cha kuimarisha kwa ndani ungedumu.

Sasa nifike kwenye gauni la njano. Njano ya siagi ilivuma sana mwaka 2025, nami nilitaka gauni la rangi hiyo lenye mabega wazi na kiuno kilichokaa vizuri, la kuvaa kwenye harusi ya mchana. Kitambaa kilikuwa pamba nyepesi ambayo ingeonyesha mwili, hivyo bitana, yaani kitambaa cha kushonea upande wa ndani, ilihitajika, na katika maagizo yote yaliyoandikwa kwenye daftari la karakana, neno bitana liliandikwa bila kutaja ni ya kitambaa gani. Nilipokwenda kulijaribu, gauni lilikuwa limekaa mwilini bila dosari yoyote. Kiuno kilikuwa mahali pake, mikunjo ya kifuani ilielekea inapotakiwa, zipu haikuonekana. Nilisimama mbele ya kioo kwa dakika tano hivi, na katika dakika hizo tano mgongo wangu ulilowa. Nililigeuza gauni ndani nje nikakuta bitana ya poliesta, ile nyembamba inayouzwa kwa bei nafuu kila kona ya Kariakoo. Fundi aliyenichomea uzi kwa kiberiti siku ya kwanza alikuwa ameruhusu kitambaa kile kile kigusane na ngozi yangu chini ya pamba yangu nzuri.

Iliniuma, na nilimwambia hivyo kwa adabu. Hakujitetea. Alisema msichana ndiye aliyetumwa dukani, kwamba yeye mwenyewe alipaswa kukagua, na kwamba gauni litafumuliwa bila malipo ya ushonaji. Nililipia mita mbili za voili ya pamba nyeupe, na baada ya siku sita nikapata gauni jipya kwa ndani. Nimelivaa kwenye harusi iliyofanyika Januari saa nane mchana, chini ya turubai, na niliimaliza sherehe nikiwa mkavu kuliko nilivyotegemea. Hata hivyo, kufumua na kushona tena kuliacha alama za sindano pembeni mwa zipu, na kwa gauni la shilingi 45,000 za ufundi peke yake, alama hizo naziona kila ninapolipiga pasi. Anayeagiza nguo yenye bitana pale, au popote, ahakikishe jina la kitambaa cha bitana limeandikwa kwenye daftari na lisomwe kwa sauti kabla hajaondoka.

Kasoro nyingine ni muda. Niliahidiwa nguo zote ndani ya siku kumi, zikachukua kumi na saba, ukiacha zile sita za kulirekebisha gauni. Nguo nne zilitoka kwa wakati. Mbili zilichelewa kwa sababu sare za harusi ya watu zaidi ya ishirini ziliingia katikati. Sikupigiwa simu kuelezwa hilo, ingawa simu ilipigwa mara moja kitambaa cha gauni la marinda kilipopungua, kwa hiyo najua wanaweza. Ningependa karakana yenye mikono mizuri namna hii ikatae kazi isiyoweza kuimaliza, au imwambie mteja tarehe ya kweli hata kama haipendezi.

Gharama ya ufundi kwa nguo sita ilikuwa shilingi 205,000: seti ya kitani 55,000, gauni la njano 45,000, gauni la marinda 40,000, shati la khanga 25,000, na sketi pamoja na bubu 20,000 kila moja. Wapo mafundi wa barazani wanaoshona gauni kwa nusu ya bei hizo, na baadhi yao ni hodari. Nilicholipia hapa ni majaribio ya marekani, mishono iliyofichwa, na yale maswali ya kwanza kuhusu basi na feni, na kwa seti ya kitani na shati la khanga ningelipa tena bila kusita. Kwa bubu na sketi nitabaki na fundi wa mtaani kwetu.

Anayetaka kwenda aende siku za kati ya wiki kabla ya saa nne asubuhi, wakati meza ya kukatia iko wazi na fundi mkuu ndiye anayepima mwenyewe. Mchana huwaachia wasichana vipimo, na ingawa wanajua kazi, hawaulizi maswali anayouliza yeye. Avae nguo ya ndani atakayoivaa na gauni lake, abebe viatu vyake, na vitambaa viwe vimeshafuliwa. Maagizo ya Krismasi na mwaka mpya hupokelewa hadi katikati ya Novemba, kisha daftari hufungwa. Mimi nimeshapeleka doti nyingine ya khanga, ya buluu na njano, na safari hii fundi ameandika kwa mkono wake tarehe ya kujaribu na tarehe ya kuchukua.